Mlinzi wa Hifadhi na Ndugu Yake

Ndugu msomaji, katika miji na vijiji vyetu vya pwani kuna jambo moja ambalo, kwa kuzoeleka kwake, watu hawalitii maanani. Siku ya Ijumaa watu wawili husimama katika safu moja msikitini. Mmoja ni mvuvi wa madema. Wa pili ni askari wa hifadhi, alipwaye mshahara ili alinde mwamba au msitu. Imamu huwaambia wanyooshe safu, nao hugusanisha mabega. Sala ikisha, hupeana mikono na kuulizana khabari za watoto. Lakini Jumamosi alfajiri, wakikutana baharini, yule wa kwanza huizima taa ya ngalawa yake, na yule wa pili huitia moto mashine ya boti yake ili amfukuze. Huyu humwita mwenziwe mla riziki za watu. Na yule humwita huyu mharibifu. Ndugu wa jana wamekuwa mahasimu wa leo.

Khabari hii si ya baharini tu. Nenda msituni utawakuta mkata kuni na bwana miti. Nenda nyikani utawakuta mchungaji na bwana nyama. Wala tusidhani kuwa ni ugomvi mdogo. Mvuvi akirudi mikono mitupu, watoto wake hulala na njaa usiku ule ule. Na mwamba ukifa, wajukuu wake watalala na njaa kila usiku. Basi kila mmoja wa watu hawa wawili analinda riziki: mmoja riziki ya leo, mwingine riziki ya kesho. Msiba ni kuwa hawajui kwamba wanalinda kitu kimoja.

Wako wanaosema kuwa mambo ya hifadhi yaliletwa na serikali za wakoloni, na kwa hiyo si mambo yetu. Ni kweli kwamba hifadhi nyingi za Afrika ya Mashariki zilipimwa na kutangazwa katika zama za ukoloni, na mara nyingi wenyeji hawakuulizwa. Lakini kulinda malisho, miti na maji kwa ajili ya umma ni jambo la kale katika Uislamu, na lina adabu zake. Yatupasa tuzijue adabu hizo, kwani ndizo zitakazotuonyesha ni wapi askari amekosa na ni wapi raia amekosa.

Himaa ya wakubwa na himaa ya umma

Waarabu walikuwa na neno himaa, yaani mahali palipolindwa. Na sisi Waswahili tunalo neno himaya, la asili hiyo hiyo. Katika zama za ujahili, mkubwa wa kabila alipoona bonde lenye majani mazuri, alipanda kilimani pamoja na mbwa wake, akambwekesha. Mpaka pale sauti ya mbwa ilipofika, pande zote, palikuwa malisho yake peke yake. Wanyonge walikatazwa kukanyaga. Naye, baada ya kujitengea pale, alikwenda kulisha pamoja na wenziwe mahali pengine pia!

Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliivunja desturi hiyo. Alifundisha kuwa hapana himaa isipokuwa iliyo ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Maana yake, kama walivyoeleza wanachuoni, ni kuwa mtu hana haki ya kujifungia ardhi ya wote kwa faida ya tumbo lake. Lakini kiongozi aweza kuilinda kwa maslahi ya umma. Yeye mwenyewe aliyalinda malisho ya Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na akaufanya mji wa Madina na kandokando zake kuwa mahali patukufu, miti isikatwe na wanyama wasiwindwe. Vile vile alitufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Tazama, basi, mizani ilivyosimama. Upande mmoja, vitu hivi ni vya watu wote. Upande wa pili, vyaweza kulindwa. Ikiwa vitalindwa kwa ajili ya wote, ni sunna; ikiwa vitalindwa kwa ajili ya mkubwa mmoja, ni ile sauti ya mbwa imerudi.

Wasia wa Sayyidna Omar kwa Hunayy

Katika ukhalifa wa Sayyidna Omar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, uliodumu tangu mwaka 634 hata 644, himaa ziliongezwa, kwani wanyama wa hazina ya umma walikuwa wengi. Akamweka mlinzi mmoja jina lake Hunayy, aliyekuwa mtumwa wake, naye alikuwa amemwacha huru. Huyu Hunayy, kwa lugha ya leo, ni askari wa hifadhi. Na wasia aliopewa siku ya kushika kazi umehifadhiwa katika kitabu cha Imamu Bukhari.

Sayyidna Omar hakuanza kwa kumwambia akamate watu wangapi. Alianza kwa kumwamuru ainamishe ubawa wake kwa Waislamu, yaani awe mpole kwao. Kisha akamtahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa, kwani dua hiyo hupokewa. Kisha akampa kanuni ya kazi: mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache amruhusu kuingia. Lakini wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan awazuie.

Ajabu kubwa! Masahaba hawa wawili walikuwa miongoni mwa watu bora wa umma, na wenye mali nyingi. Kwa nini wao wazuiwe? Sayyidna Omar alieleza sababu yake. Matajiri wale wakifiwa na wanyama watarudia mitende yao na mashamba yao. Lakini mnyonge akifiwa na wanyama wake atakuja kwa khalifa na watoto wake, akilia. Je, khalifa atawaacha wafe? Majani na maji ya leo ni rahisi kwake kuliko dhahabu na fedha atakayolazimika kuitoa kesho.

Wala hakuishia hapo. Aliapa kuwa watu wa nchi ile walimwona amewadhulumu, kwani ni nchi yao. Waliipigania kabla ya Uislamu, na wakasilimu hali wako juu yake. Akasema kuwa lau si wanyama wale wa kuwapandisha watu katika njia ya Mwenyezi Mungu, asingalilinda hata shubiri moja ya ardhi yao.

Ndugu msomaji, soma tena maneno hayo moyoni mwako. Mtawala aliye juu kabisa anakiri kuwa wanaozuiwa wana haki ya kuona uchungu. Hawaiti wajinga. Hasemi hawajui maana ya uhifadhi. Anataja haja ya umma iliyomlazimisha, anaifanya amri iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, na anawafungulia mlango wanyonge kabla ya matajiri.

Mfano wa jahazi

Upande wa pili wa mizani, Mtume ametupigia mfano ambao watu wa bahari hawana haja ya kutafsiriwa. Watu walipiga kura katika jahazi. Wengine wakapata mahali pa juu, wengine chini. Wale wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wale wa juu. Wakasema: tutoboe tundu katika sehemu yetu, tusiwaudhi walio juu. Ikiwa walio juu watawaacha, wote wataangamia. Na wakiwashika mikono, wote wataokoka.

Aghalabu mfano huu husomwa kwa kumlaumu mtoboaji, na ni haki alaumiwe. Lakini tuangalie tena: yule mtu wa chini hakutoboa kwa uadui. Alikuwa na kiu. Basi walio juu wanazo kazi mbili, si moja: wamshike mkono, na wahakikishe kuwa ndoo yake inapata njia ya kwenda na kurudi. Mwenye kushika mkono tu, asitoe maji, atamshika leo na kesho na kesho kutwa, na usiku mmoja atasinzia.

Mvuvi atupaye baruti ni mtoboaji wa jahazi. Mshindo mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, wengine huzama wasipatikane, na matumbawe huvunjika vipande vipande. Matumbawe ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe lenye urefu wa mtu lilianza kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa. Huyo ashikwe mkono, wala pasiwe na huruma ya uongo. Lakini yule mwenye dema mbili na mshipi, aliyevuka mpaka kwa kutoujua au kwa dhiki, tusimtie katika kapu moja na mwenye baruti.

Kisiwa cha Misali

Mambo haya si nadharia tupu. Magharibi ya Chake Chake, katika mkondo wa Pemba, kipo kisiwa kidogo cha Misali. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhr aliwatokea wavuvi hapo akawaomba msala wa kusalia. Walipokuwa hawana, akasali mchangani, kwani kisiwa chenyewe ni mfano wa msala ulioelekea kibla. Ndiyo asili ya jina lake, kama wasemavyo. Hakina mji, lakini wavuvi wa Pemba hupiga dago pale, kasa hupanda mchanga wake kutaga, na popo wa Pemba hulala katika miti yake.

Palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa hicho kwa wajenzi wa hoteli. Wavuvi wakapinga, kwani waliona watafungiwa mlango wa riziki yao. Serikali ikasikiliza, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, si la hoteli. Sehemu ndogo ya mwamba wa magharibi ilifungwa kabisa, samaki wapate mahali pa kuzaana. Sehemu kubwa iliyobaki ikaachwa wazi kwa wavuvi wenye zana za halali. Wavuvi wakawa na jumuiya yao, wakashauriwa pamoja na maofisa. Mwaka 2005 kisiwa kikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya mkondo wa Pemba.

Hata hivyo, sheria peke yake haikutosha, kwani bahari ni pana na boti za doria ni chache. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye kidogo, waalimu wa dini, masheha na wavuvi walikaa katika mafunzo juu ya yale Kurani Tukufu inayosema kuhusu viumbe: kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi, na kwamba tumekatazwa kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa. Imepokewa kuwa wapo wavuvi waliosema baada ya mafunzo yale kuwa sheria ya serikali ni rahisi kuikimbia, lakini ya Muumba haikimbiliki. Neno hilo ni zito. Mtu aliyeikubali amana hii moyoni mwake ana mlinzi asiyelala wala kula rushwa.

Kima wa Jozani

Tuvuke sasa kwenda Unguja, katika msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo mna kima punju, kima mwekundu ambaye asili yake haipatikani popote duniani ila Unguja. Kima hawa hawajui mpaka wa msitu. Huingia katika mashamba ya majirani, wakala nazi changa, embe na majani ya mazao mengine. Wakulima walilia: wageni hulipa kiingilio ili wawatazame kima, na kima hushiba katika mashamba yetu, sisi tuna faida gani?

Hili ni swali la haki, na kulijibu kwa kelele ni dhulma. Katika miaka ya 1990 wataalamu walihesabu nazi katika mashamba hayo, wakaona jambo ambalo hawakulitazamia: kwa upande wa minazi, kuliwa kwa nazi changa hakukupunguza mavuno. Mnazi kwa maumbile yake hudondosha nazi changa nyingi, na palipoliwa zaidi mavuno ya mwisho yalikuwa hata bora kidogo. Lakini minazi siyo shamba zima, na hasara ya mazao mengine haikuwa ndoto. Kwa hiyo sehemu ya fedha za wageni ikatengwa kwa ajili ya wakulima na vijiji. Na katika mikoko ya Pete pakajengwa njia ya mbao ya kupitisha wageni, nacho kijiji kikapata sehemu ya pato lake.

Je, manung'uniko yalikwisha? La, wala hayatakwisha kabisa, kwani mgao haumtoshi kila mtu, na mwenye shamba kando ya msitu hupata hasara kuliko aliye mbali. Lakini ugomvi uliotolewa porini ukawekwa mezani, ukahesabiwa, umekwisha kuwa nusu ya suluhu.

Palipokuwa na uchungu zaidi

Bara nako yapo mafunzo, na baadhi yake ni machungu. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1958, chini ya serikali ya kikoloni, wazee wa Kimasai walitia saini mapatano ya kuihama Serengeti. Na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyama pori wataishi pamoja. Mabishano juu ya mapatano yale yamedumu zaidi ya miaka sitini. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali imesema wamehama kwa hiari. Wengine wamelalamika kuwa walibanwa. Kalamu yetu haitoshi kuhukumu kesi hiyo. Twasema neno moja tu: mapatano yaliyofanywa na wachache mbele ya wenye nguvu hayatulizi mioyo ya wengi, hata yakiandikwa kwa wino wa dhahabu. Sayyidna Omar aliujua uchungu wa wenye nchi, naye akautaja kwa ulimi wake mwenyewe.

Haki za kila upande

Ewe ndugu uliye mlinzi! Kazi yako ni ya taabu. Wengi wenu hulala porini mbali na watoto wao, na wengine hawarudi. Katika hifadhi ya Virunga, nchini Kongo, walinzi 12 waliuawa katika shambulio la mwezi wa Aprili 2020. Kwa hiyo raia wana deni la kukushukuru. Lakini wewe nawe ukumbuke kuwa sare uliyovaa ni amana. Usimpige mtu aliyekwisha salimu amri. Usichukue samaki wa mtu ukamwachia njia, kwani hapo umekula riziki yake na umeuza mwamba wa umma kwa mara moja. Usimfukuze mwenye mtumbwi ukaifumbia macho meli kubwa. Eleza mpaka uko wapi kabla ya kumkamata aliyeuvuka. Na uiogope dua ya aliyedhulumiwa, hata akiwa ni mkosa katika jambo jingine.

Nawe ndugu unayeitumia bahari na ardhi ya umma! Usiseme: mali ya wote haina mwenyewe. Mali ya wote ina wenyewe wengi kuliko mali yoyote, na siku ya hesabu kila mmoja wao ana dai juu yako. Ukiona amri ya hifadhi ina dhulma, ipeleke kwa sheha, kwa kamati, kwa mwakilishi wako. Usiijibu kwa baruti wala kwa moto wa usiku. Kule Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wenyeji wenyewe wamekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huufungua siku moja kwa wote. Mpaka uliokubaliwa na jirani zako ni mgumu kuuvunja, kwani utakayemwibia unamjua kwa jina.

Na ninyi wazazi, msidhani kuwa khabari hii inaishia baharini. Inaingia jikoni mwenu. Mama akinunua samaki wachanga walionaswa kwa nyavu za macho madogo, amemlipa mtoboaji wa jahazi. Baba akileta mayai ya kasa nyumbani akawaambia watoto wasiseme, amewafundisha mambo mawili kwa siku moja: kuharibu na kuficha. Na mtoto wa askari asitengwe na wenziwe chuoni kwa sababu ya kazi ya baba yake, wala mtoto wa mvuvi asiitwe mwizi.

Vijana nao wana nafasi yao. Kijana wa kijiji akiajiriwa kuwa mlinzi, awaijua mikondo na anawajua wenye dhiki. Huyu aweza kushika mkono na kutoa maji kwa pamoja. Tuombe serikali zetu ziwatazame kwanza vijana wa namna hiyo zinapotafuta walinzi.

Turudi kwa wale wawili tuliowaacha katika safu ya Ijumaa. Hatuwaombi wapendane kwa maneno matupu. Twaomba tu kwamba Ijumaa ijayo, baada ya salamu, wasiachane upesi. Mlinzi na amwulize mvuvi: mwezi huu umepata nini, na kwa nini ulivuka? Mvuvi naye na amwulize mlinzi: mwamba uliofungwa umeonekana kuwa na samaki, na lini tutaambiwa? Maswali haya mawili yakiulizwa kibarazani mwa msikiti, hapatakuwa na haja ya kuulizana kwa bunduki alfajiri.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe walinzi waaminifu wa alichotukabidhi, wapole kwa wanyonge wetu, wala asitufanye miongoni mwa wanaotoboa jahazi, wala miongoni mwa wanaowaacha wenzao na kiu. Amin.